Aliyepiga Penalti ya Mwisho

Mwaka 2003, nikiwa mwanafunzi wa shule ya msingi wilayani Rungwe, nilisikia redioni Simba ikiwatoa Zamalek jijini Cairo kwa penalti 3–2, baada ya kila timu kushinda 1–0 nyumbani. Penalti ya mwisho aliifunga Christopher Alex. Jina lake tukaliimba. Juma Kaseja aliyelinda lango tulimkumbuka baadaye. (Wenzetu wa Yanga hawakumtaja yeyote.)

Juzi, katika mazoezi ya kufundisha hapa Tukuyu, mwanachuo aliwaongoza watoto kugawanya ubaoni, hatua kwa hatua. Aliyeandika jibu alipigiwa makofi. Msichana aliyegundua kosa katika hatua ya pili alirudi kimya kwenye dawati lake. Makofi nami niliyapiga. Jioni niliandika chini ya andalio la somo: kesho anza na yule msichana, aeleze alivyoliona kosa.