Darubini ya bunduki: usinunue ukubwa, nunua uimara
Kazi yangu ni alizeti na mtama, lakini swali hili naulizwa pia, na jibu lake nililipata kwa hasara ya nyumbani. Baba yangu mdogo anamiliki bunduki ya kuwindia kihalali, na kila msimu hukata kibali kabla ya kuingia porini. Alinunua darubini ya bei ya chini inayokuza mara 16. Baada ya risasi chache ikalegea. Akalenga bega la swala, akampiga tumboni. Tulifuata damu hadi giza, hatukumpata. Mzee hakula usiku ule.

Kwa vichaka vyetu vya Itigi na Manyoni, mnyama huonekana karibu. Darubini ya kukuza mara 4 tu inatosha: ni nafuu, haina mengi ya kuharibika, na unaona eneo pana. Hela inayobaki, nunua vyuma imara vya kuifungia. Jicho likae angalau sentimita 8 nyuma ya lenzi, bunduki ikirudi isikupasue nyusi. Kisha pima shabaha kwenye uwanja unaoruhusiwa, kabla ya msimu. Mnyama si karatasi ya kujaribia.