Sekunde 18

Niliacha chuo mwaka wa pili na mathe hakujua. Kazi ya kwanza niliipata kwenye zahanati moja ya mtaani, ambapo faili ya mgonjwa ilichukua sekunde 18 kufunguka. Foleni ilifika getini. Mwenye zahanati alitaka kununua kompyuta mpya. Nikamwomba siku mbili.

Niliandika EXPLAIN ANALYZE mbele ya lile swali. PostgreSQL ikanionyesha inasoma mistari yote 600,000, kama karani anayefungua kila faili kabatini akimtafuta Wanjiku mmoja. Na faharasa ya jina ilikuwepo! Hapo nilikwama hadi saa nane usiku. Kumbe swali lilikuwa linageuza jina kuwa herufi ndogo kwanza, kwa LOWER, ilhali faharasa imejengwa juu ya jina lenyewe. Haikuwa inaguswa kabisa. Nikajenga nyingine juu ya LOWER(jina). Milisekunde 3.

Asubuhi mama mmoja mwenye mtoto mgongoni aliitwa kabla hajakaa vizuri kwenye benchi.

Nikampigia mathe, nikamwambia ukweli wa chuo. Akanyamaza sana.

“Na hiyo kazi, wamekulipa?”

Bado.