Majina ya Mapenzi Vinywani mwa Wageni

Wasomaji wapendwa, nawaita hivyo, ijapokuwa wengi wenu sijawaona uso kwa uso. Hapana aliyekasirika kwa neno hilo, maana ni desturi ya barua, nalo ni la watu wote pamoja. Walakini mtu mmoja akiitwa "mpenzi" njiani na mtu asiyemjua, neno lile lile huwa jingine. Nimesikia likinung'unikiwa katika nyumba nyingi, basi yafaa tulifikiri.

Katika nchi yetu, mgeni huitwa kama jamaa. Mwanamke mtu mzima ni mama. Aliye na umri wa baba zetu ni baba au mzee. Wa rika letu ni kaka au dada. Majina haya si ya uongo ingawa hatukuzaliwa tumbo moja, kwa sababu yana wajibu ndani yake. Nikikuita mama, imenipasa kukuamkia shikamoo, kukupisha kiti na kukupokea mzigo. Tena uko utani. Mnyamwezi na Mzaramo, au Mchaga na Mpare, waweza kuitana majina ya kuchekesha hata msibani, wala usiwepo ugomvi, maana mipaka yake yajulikana, na anayetaniwa ana ruhusa ya kujibu.

Sasa tazameni sokoni. Muuza nguo kijana amwita binti wa watu "mchumba" mbele ya watu wote, na kumvuta mkono atazame kanga. Binti akinyamaza, huambiwa ana maringo. Akijibu, huambiwa amekubali mazoea. Hapo ndipo ubaya ulipo: njia zote mbili zimefungwa.

Mama yangu mzazi alipolazwa hospitali, muuguzi mmoja kijana alikuwa akimwita "kitoto changu" kila alipomletea dawa. Sote tuliona ya kuwa ni mwema, na mikono yake ni mipole. Lakini mama, aliyezaa watoto saba na kuzika wawili, aligeuza uso ukutani. Akaniambia, "Mwanangu, dawa nimeinywa. Ila mwambie mimi nina wajukuu." Nikamwambia yule muuguzi kwa upole. Tangu siku ile alimwita Bibi, na mama naye akamwita mjukuu wangu, akawa akimwuliza habari za kwao.

Walakini si wote waonao hivyo. Jirani yangu mmoja, mjane, huitwa "kipenzi" na muuza nyanya kila asubuhi, naye hufurahi. Aliniambia, "Mwalimu, tangu nimzike mume wangu, hakuna mwingine aniitaye hivyo." Sikuwa na neno la kumjibu. Kwa hiyo hatuwezi kuweka sheria moja kwa watu wote. Imetupasa kumtazama usoni yule aitwaye.

Wazee wetu walikumbuka neno jingine, "boi". Kabla ya uhuru wa Tanganyika mwaka 1961, mtu mzima mwenye mke na watoto aliweza kuitwa boi na mwajiri wake Mzungu, pengine kwa sauti ya kirafiki kabisa. Sauti ile haikuondoa aibu, maana yeye hakuweza kumwita bwana wake kwa namna hiyo hiyo. Kipimo hiki chatufaa hata leo: neno ambalo mwenzako hawezi kukurudishia, usimpe.

Ninyi walimu, wafundisheni watoto kuuliza, "Nikuiteje?" kabla ya kumpa mtu jina. Na ninyi wazazi, msiwaambie binti zenu wavumilie tu. Waambieni wana ruhusa ya kujibu kwa adabu, "Mimi si mchumba wako, niite dada." Na kijana akiitikia, "Samahani, dada," basi na wanunuziane kwa amani.