Kazi Yangu Ni Kupima Miti

Nilipomaliza kidato cha nne, mawazo yangu yote yalikuwa Dar es Salaam. Kwetu Kilwa, tangu daraja la Mkapa lifunguliwe mwaka 2003 na watu wakaachana na kivuko cha Rufiji, kijana anayebaki kijijini huulizwa amekwama wapi. Malori nayo yalipata njia. Yalikuja matupu, yakarudi na magogo ya mninga, mkongo na mpingo, na wenye kijiji hawakuambulia cha maana.

Baba mkubwa alikuwa kwenye kamati ya maliasili ya kijiji. Walitaka mtu wa kuandika takwimu. "Njoo utushikie daftari, mwanangu. Dar haihami." Mama alinung'unika kwamba msichana haendi porini na wanaume, lakini kauli ya shemeji yake ilikuwa nzito. Nikaenda kwa kumheshimu tu.

Utepe wa kupimia ndio ulionibadilisha. Bwana misitu alitufundisha kuuzungusha kwenye shina usawa wa kifua, mita 1.3 kutoka ardhini, kusoma kipenyo, kisha kuandika aina ya mti, unyoofu wake na kama umeungua. Mpingo unatesa. Shina limepinda, lina mabonde, na mwingine unauona mzima kumbe ndani ni tundu, umeliwa na moto wa miaka mingi. Hukua polepole mno; unaofaa kuvunwa leo ulichipua babu zetu wakiwa vijana. Kiini chake cheusi huzama majini, na ndicho kinachochongwa klarineti na obo huko Ulaya, na vinyago vya Wamakonde hapa nyumbani. Ukichagua vibaya, umeangusha mti wa umri wa babu ukapata kuni. Nilipolielewa hilo nilianza kusoma msitu mti kwa mti, na kwa mara ya kwanza hesabu za shuleni zikawa na kazi: mingapi ipo, mingapi ivunwe mwaka huu, mingapi ibaki. Gogo likishapimwa hugongwa nyundo ya alama, na lisilogongwa halitoki.

Nguvu hiyo ya kuamua gogo lipi litoke tumepewa na sheria. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inakiruhusu kijiji kutenga msitu kwenye ardhi yake, kuusimamia na kutumia mapato yake. Mwaka 2009 shirika la Mpingo Conservation, la hapa hapa Kilwa, lilipata cheti cha FSC kwa ajili ya misitu ya vijiji vya wilaya yetu, cheti kinachomhakikishia mnunuzi wa mbali kwamba mti umevunwa kwa utaratibu. Kwetu fedha za magogo zilianza na nyumba ya mwalimu. Mama, ambaye hakutaka niende porini, siku hizi ndiye anayenikumbusha viatu vya doria.

Mshahara wa kila mwezi haupo. Posho hutoka kijiji kikiuza, kwa hiyo nalima ufuta kama wenzangu wote, na ufuta huo huo ndio unaougombania msitu, maana watu hupenda kufyeka shamba jipya. Maneno magumu zaidi katika kazi hii nimeambiana na ndugu zangu wa damu kwenye mpaka wa hifadhi. Moto nao una elimu yake: mvua zikikatika tunachoma mapema, nyasi zikiwa bado na unyevu, moto upite chini kwa chini. Tukizembea, ule wa Septemba na Oktoba huja mkali na kuua miche yote.

Ombi langu ni kwa halmashauri za vijiji. Mnapounda kamati, msijaze wazee peke yao. Wekeni vijana waliomaliza shule, na wasichana wawemo. Posho ya doria itengwe kwanza, mauzo yakiingia, kabla ya matumizi mengine yote. Nanyi wazazi, mtoto akitaja Chuo cha Misitu cha Olmotonyi, kule Arusha, msimcheke kwamba anakwenda kusomea pori. Msaidieni kujaza fomu.