Kicheko na Kalamu

Msomaji, kicheko ni neema kwa wanadamu, lakini kina makali kama ya wembe: hunyoa, tena hukata. Nimelitambua jambo hili kwa kutazama picha za dhihaka zilizochapwa London zamani za Malkia Victoria, nami napenda uzitazame pamoja nami.

Mwaka 1850 Papa Pio wa Tisa aliwarudishia Wakatoliki wa Uingereza maaskofu wenye majimbo, akamfanya Wiseman kuwa Kardinali na Askofu Mkuu wa Westminster. Waingereza wengi walikuwa Waprotestanti, wakaona kuwa mtawala wa ng'ambo ametia mkono katika nyumba yao. Gazeti la Punch likamchora Papa katika sura ya Guy Fawkes, mmoja wa wale waliotaka kulilipua Bunge mwaka 1605. Wasomaji wakacheka.

Mtu mmoja hakucheka. Richard Doyle, mchoraji wa gazeti lilo hilo, alikuwa Mkatoliki wa miaka 26. Aliiacha kazi yake, kwa kuwa hakuweza kula mkate wa wanaoidhihaki imani yake. Hata hivyo, jalada alilolichora liliendelea kulipamba gazeti hilo kwa zaidi ya miaka 100.

Machi 1851 mchoraji John Leech alimgeukia Waziri Mkuu, Lord John Russell. Alimchora kama mtoto mtundu aliyeandika kwa chaki maneno ya kumpinga Papa mlangoni pa Kardinali, kisha akatimua mbio. Mwaka uo huo Bunge lilipitisha sheria ya kuwakataza maaskofu hao majina ya majimbo yao, na faini yake ilikuwa pauni 100. Hakushtakiwa mtu, na mwaka 1871 sheria ikafutwa.

Lakini hofu isiyo na msingi yaweza kuzaa msiba wa kweli. Mwezi wa Juni 1852, mjini Stockport, makanisa ya Wakatoliki yalivunjwa na mtu mmoja akauawa. Sisemi kwamba picha ndizo zilizoua. Nasema kwamba chuki ikizoea kuvaa nguo za kicheko, watu husahau kuwa ni chuki.

Wahenga walinena: mgeni njoo, mwenyeji apone. Wewe na mimi ni wageni katika ugomvi ule, na jicho la mgeni huona yaliyompita mwenyeji. Katika picha zile hatumwoni Papa jinsi alivyokuwa. Twaiona hofu ya waliomchora. Walidhani wanamcheka mtu wa mbali, kumbe Doyle, aliyeumia, alizaliwa London na kuketi nao meza moja.

Basi, msomaji, ukikutana na picha inayoidhihaki dini ya mwenzio, iulize kwanza habari za aliyeshika kalamu. Kisha tazama kando yako, umtafute asiyecheka.