Ua la Maji

Kurudia jambo huonwa na wengi kuwa dalili ya ufukara wa fikira. Mchoraji arudiaye ua moja huulizwa kama dunia imeishiwa na vitu. Claude Monet wa Ufaransa aliyakaribisha maswali hayo kuliko wengi, maana aliyachora mayungiyungi ya bwawa lake, kijijini Giverny, katika picha zipatazo 250.

Idadi hiyo ni kubwa, lakini kilichonivuta mimi, mkazi wa Mwanza, ni ugomvi uliolitangulia bwawa. Mwaka 1893 Monet alipoomba ruhusa ya kuchepusha maji ya mto Epte, majirani walipinga, wakichelea mimea yake ya kigeni isije ikatia maji sumu. Mtu wa mbali aweza kuicheka hofu yao. Aliyelelewa kando ya Ziwa Victoria hacheki. Gugumaji, ambalo asili yake ni Amerika ya Kusini, lilipendwa kwa ua lake la urujuani, likachukuliwa nchi hata nchi kuwa pambo; mwishoni mwa miaka ya 1980 likaonekana ziwani mwetu. Likafunga mialo, likazuia mitumbwi, likanasa nyavu. Katika miaka ya 1990 ilibidi waletwe mbawakavu wa kulila. Likapungua, lakini halikwisha. Nimeliona likichanua Kirumba, wala sijasikia mvuvi akilisifu.

Maua haya mawili yote ni mazuri. Yamepitana kwa jambo moja: la Giverny lilikuwa na mlezi. Mtunza bustani alipanda mashua kulisafisha, na mchoraji alilitazama kwa miaka karibu 30, asubuhi na jioni, hata alipopatwa na mtoto wa jicho akapasuliwa mwaka 1923, mpaka alipofariki mwaka 1926. Ua lilikuwa lile lile. Nuru ilibadilika, maji yalibadilika, na jicho lenyewe likazeeka. Kurudia kwake kulikuwa namna ya kulinda.

Natamani apatikane mchoraji wa Mwanza atakayelichora gugumaji kwa subira kama ile, mwaka hata mwaka, pasipo kulipamba wala kulilaani, tuone lilivyokuja, lilivyofunga njia na lilivyorudi nyuma. Watu walilipenda ua hili kwa mtazamo mmoja, na kwa mtazamo mmoja wakalieneza. Kulijua kwataka mitazamo mingi.