Nani, Lini, na Kwa Nini

Nikiwa mwaka wa pili, wanafunzi wanne tulitengeneza programu ya kutunza hesabu za kikundi cha akiba na mikopo. Msimbo tuliuhifadhi kwa Git, na orodha ya kazi ilikaa kwenye daftari la mwenzetu mmoja. Viwili hivyo havikuwahi kukutana.

Siku mbili kabla ya kuwasilisha, niliona mistari mitatu ya msimbo iliyosamehe faini kwa baadhi ya malipo ya Jumatatu. Nilidhani ni kosa. Nikatumia amri ya Git iitwayo blame, yaani lawama, ambayo huonyesha kila mstari ulibadilishwa mara ya mwisho na nani na lini. Likatokea jina la rafiki yangu, pamoja na ujumbe wake wa neno moja: "Marekebisho." Nikaifuta mistari hiyo.

Mbele ya mhadhiri na katibu wa kikundi, programu ikawatoza faini wanachama wasiostahili. Nami nikasema, bila haya, kwamba mwenzangu ndiye aliyeharibu sehemu ile. Hakujibu. Jioni alinifungulia daftari. Kazi ya 12: siku ya mwisho ikiangukia Jumapili, anayelipa Jumatatu asitozwe faini. Katibu mwenyewe ndiye aliyeomba.

Git ilikuwa imeniambia nani na lini. Kwa nini ilibaki kwenye daftari.

Siku hizi kazi zetu tunaziandika kwenye GitHub, palipo na msimbo, na kila moja ina namba. Ukitaja #12 katika ujumbe wa badiliko, namba hiyo huwa kiungo cha kufikia maelezo ya kazi. Ukiandika Fixes #12, kazi hujifunga yenyewe badiliko likishaingia tawi kuu.

Wapo wanaouona utaratibu huu kuwa urasimu tu. Nakubali kwamba namba peke yake haitoshi. Kazi ikiandikwa "rekebisha faini" bila maelezo, kiungo kitampeleka msomaji mahali patupu. Tena mradi ukihamishiwa kwingine, viungo vinaweza kukatika. Kwa hiyo sababu naiandika pia katika ujumbe wenyewe, japo kwa sentensi moja.

Mistari mitatu niliirudisha usiku uleule. Kumwomba radhi rafiki yangu mbele ya wale walionisikia nikimlaumu kulinichukua wiki nzima.